Kamera Haigusi Ngozi

Baka moja jeupe kwenye mkono wa mtu mweusi linaweza kuwa na majina mengi. Linaweza kuwa la fangasi wa kawaida, wale wanaozidi wakati wa joto na jasho. Linaweza kuwa la pumu ya ngozi iliyopoa na kuacha weupe nyuma yake, jambo linaloonekana sana mashavuni mwa watoto. Linaweza kuwa barasi, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zimekufa mahali pale. Linaweza kuwa alama ya kuungua, au matokeo ya krimu kali iliyopakwa kwa miezi. Na linaweza kuwa ukoma. Ukipiga picha za mabaka haya yote kwa simu na kuzipanga mezani, hata daktari bingwa wa ngozi atasita kwenye mbili tatu kati yake. Akiwa na mgonjwa mwenyewe mbele yake, ukoma anaweza kuutambua kwa uzi wa pamba.

Kipimo chenyewe ni hiki. Unachukua pamba kidogo, unaisokota ncha mpaka inakuwa nyembamba. Kwanza unamwelekeza mgonjwa akiwa anatazama: unamgusa kwenye ngozi nzima, naye anaweka kidole pale alipoguswa. Akishaelewa unamwambia, "Babu, sasa fumba macho. Kila nikikugusa, nionyeshe ni wapi." Unagusa bega, anaonyesha. Unagusa mkono chini ya kiwiko, anaonyesha. Unagusa katikati ya baka, anakaa kimya, anasubiri. Unarudia, bado anasubiri. Pamba haiburutwi, maana kuburuta husisimua ngozi ya jirani na kuleta jibu la uongo. Inagusishwa tu mpaka ncha ipinde kidogo, kisha inainuliwa. Baada ya hapo unapapasa mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, ule unaokupiga shoti ukijigonga, na kuulinganisha na wa mkono wa pili. Ukikuta mmoja umenenepa na unauma ukiminywa, umefika mahali ambapo hakuna kamera ingekufikisha.

Nimeanza na pamba kwa makusudi, kwa sababu kila ninapoombwa kuzungumzia teknolojia katika tiba ya ngozi, mazungumzo huanzia kwenye simujanja na akili mnemba, kana kwamba ugonjwa wa ngozi ni suala la macho peke yake. Macho yana kazi kubwa, sikatai. Lakini ngozi ina ganzi, ina joto, ina ugumu, ina harufu, ina historia ya vitu vilivyopakwa juu yake. Kifaa chochote kinachonasa rangi na umbo tu kinajibu sehemu ya swali, na ugonjwa unapokuwa adimu, mara nyingi jibu lenyewe liko katika sehemu iliyobaki.

Ukoma unatufundisha mengi hapa. Bakteria wake aligunduliwa na Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norway, mwaka 1873, na mpaka leo hakuna aliyefanikiwa kumwotesha kwenye vyakula vya maabara kama wanavyooteshwa bakteria wengine. Anazaliana polepole mno, mara moja kwa takriban wiki mbili, na dalili huweza kuchukua miaka mitano kujitokeza, wakati mwingine hata ishirini. Anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi: masikio, pua, ngozi, na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi. Ndiyo maana baka lake lina ganzi. Dawa zipo. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza dawa mseto, na leo mgonjwa hupewa rifampisini, dapsoni na klofazimini bila malipo: miezi sita kwa mwenye mabaka yasiyozidi matano, miezi kumi na miwili kwa mwenye zaidi. Anayetibiwa mapema hupona bila kupoteza kidole wala uwezo wa kufumba jicho.

Mwaka 2023 zaidi ya watu 180,000 waligundulika kuwa na ukoma duniani, na Tanzania imo katika orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele na WHO. Kwa hiyo ugonjwa haujaondoka. Umepungua kiasi cha kuwa mgeni kwenye zahanati moja moja. Tabibu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nao, na siku ukija ataona mabaka meupe, ataandika fangasi, atatoa krimu. Mgonjwa atarudi baada ya miezi mitatu, apewe krimu nyingine. Mishipa ya fahamu inaharibika ndani ya safari hizo za kwenda na kurudi. Kwa maoni yangu, adui mkubwa wa mwenye ugonjwa adimu wa ngozi ni kutofikiriwa. Ugonjwa ambao hakuna aliyeuwaza hauwezi kupimwa hata kama kipimo kiko mfukoni.

Kuna jambo jingine linalofanya utambuzi wa ngozi huku kwetu uwe mgumu kuliko vitabu vinavyosema. Mgonjwa hafiki hospitali akiwa na ugonjwa katika sura yake ya asili. Ameshapita duka la dawa, ameshapewa tyubu yenye mchanganyiko wa dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali, yote kwenye krimu moja. Steroidi hutuliza muwasho ndani ya siku mbili, hivyo mgonjwa huamini amepata dawa. Chini ya utulivu huo kinga ya ngozi imelala na fangasi wanatambaa. Lile duara lenye kingo zilizoinuka, ambalo kila mwanafunzi wa udaktari analijua, linapotea. Unabaki wekundu hafifu uliosambaa, vipele vichache, ngozi iliyosinyaa. Fangasi wa kawaida kabisa amekwisha kuvaa sura ya ugonjwa adimu, na daktari asiyeuliza ataanza kuwaza mambo makubwa.

Mkorogo wa kujichubua ngozi unaongeza matatizo. Ndani yake mna steroidi kama klobetasoli, mna haidrokwinoni, wakati mwingine mna zebaki. Vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku Tanzania, Kenya na Rwanda, lakini bado vinapatikana sokoni. Anayetumia kwa muda mrefu huota chunusi nyingi usoni, michirizi mipana mapajani na kwapani, na wengine hupata weusi wa kibuluu mashavuni usiotoka tena. Ukimwuliza mtu moja kwa moja kama anatumia mkorogo, atakataa, na ana sababu zake. Ameshasemwa vya kutosha mtaani. Njia iliyonisaidia zaidi ni kusema, "Dada, kesho naomba uniletee kila unachopaka, kuanzia mafuta ya asubuhi mpaka ya kulalia." Mfuko ukifunguliwa mezani, nusu ya majibu imo humo. Sijaona programu ya simu inayofungua mfuko huo.

Fangasi aliyejificha namna hii huumbuliwa na kipimo cha zamani sana. Unakwangua ukingo wa baka kwa kisu butu, magamba yanaanguka kwenye kioo cha hadubini. Unadondosha tone la potasiamu haidroksaidi, unafunika, unasubiri dakika chache dawa iyeyushe seli za ngozi. Chini ya hadubini seli zinafifia, na nyuzi za fangasi zinajitokeza zikiwa zimenyooka, zenye matawi, zikipita juu ya mipaka ya seli bila kuijali. Ni vifaa ambavyo kituo cha afya chenye maabara ya kupima malaria kinavyo karibu vyote. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyefundishwa kuangalia, na muda wa kuangalia.

Tuje kwenye macho sasa, maana macho nayo yana tatizo lake. Vitabu vingi vilivyofundisha madaktari duniani, wakiwamo wa kwetu, vimejaa picha za ngozi nyeupe. Vinasema uvimbe wa ngozi huwa mwekundu. Kwenye ngozi yenye rangi nyingi wekundu huo huonekana zambarau, kahawia iliyokolea, au kijivu, na wakati mwingine hauonekani kabisa mpaka uguse usikie joto. Hata kipimo kinachotumika kugawa aina za ngozi kilianzia upande mmoja. Thomas Fitzpatrick alikibuni mwaka 1975 akiangalia namna ngozi nyeupe inavyoungua au kukolea rangi juani, ili apange kiasi cha mionzi cha kuwatibu wagonjwa. Aina zilikuwa nne, zote za watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye kama aina ya tano na ya sita. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari jijini London, Malone Mukwende, mzaliwa wa Zimbabwe, akishirikiana na walimu wake alitoa kijitabu kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi na nyeupe zikiwa pamoja. Kilisambaa haraka, kwa sababu kila aliyekiona alitambua pengo ambalo sote tulikuwa tumelizoea.

Pengo hilo huua. Saratani ya ngozi inayoitwa melanoma ni adimu kwa watu weusi, na ikitokea haipendi sehemu zinazopigwa jua. Hukaa kwenye nyayo, viganja, na chini ya kucha. Bob Marley alikuwa na doa chini ya kucha ya kidole gumba cha mguu. Lilitambuliwa kuwa melanoma mwaka 1977, naye akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Mtu mwenye doa jeusi unyayoni atadhani ni mwiba, ni damu iliyovilia, ni kiatu kilichobana. Tena kwetu sisi madoa meusi yasiyo na madhara nyayoni ni mengi, na mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni ya kawaida. Linalonitia wasiwasi ni mstari ulio kwenye kucha moja tu, unaopanuka mwezi hadi mwezi, au weusi unaovuka kucha na kuingia kwenye nyama inayoizunguka.

Hapa ndipo kifaa kimoja cha kisasa kinapoonyesha thamani yake. Demoskopu ni kioo cha kukuzia chenye taa maalumu inayoondoa mng'ao wa juu ya ngozi, ili jicho lione rangi iliyoko chini yake. Ya mkononi inatosha mfukoni, na nyingine hubandikwa kwenye kamera ya simu. Ukiiweka kwenye unyayo utaona ngozi imepangika kama shamba la viazi vitamu, matuta na mifereji, na juu ya kila tuta kuna mstari wa vitone vyeupe, matundu ya jasho. Vitone hivyo ndivyo vinavyokuambia tuta ni lipi. Rangi ya doa ikiwa imelala kwenye mifereji, kwa kawaida doa hilo halina madhara. Ikiwa imepanda juu ya matuta na kuyafuata, hiyo ni dalili nzito ya melanoma, na mgonjwa hatoki kliniki bila kupangiwa siku ya kuchukuliwa kinyama cha kupimwa maabara. Kanuni hii iliwekwa wazi na madaktari wa Japani, nchi ambako melanoma ya nyayo ni sehemu kubwa ya melanoma zote. Nimependa siku zote kwamba haitegemei weupe wa ngozi. Matuta na mifereji ni ya watu wote. Daktari akishafundishwa vizuri jambo hili moja, anatumia sekunde chache kufanya uamuzi ambao zamani ungehitaji kukata.

Akili mnemba imeingia katika uwanja huu kwa kishindo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature habari za kompyuta iliyofundishwa kwa picha 129,450 za ngozi, ambayo ilitofautisha saratani na vivimbe visivyo na madhara kwa kiwango sawa na madaktari bingwa 21 waliolinganishwa nayo. Watu wengi waliisoma habari hiyo kana kwamba kazi yetu imekwisha. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, waliijaribu programu ambayo tayari ilikuwa imeruhusiwa kutumika Ulaya. Madaktari wana kawaida ya kuchora alama kwa wino wa zambarau pembeni ya doa wanalotaka kulikata. Madoa yaleyale yasiyo na madhara, yakishachorwa wino, programu iliyapandishia uwezekano wa kuwa saratani. Bila shaka ilikuwa imejifunza kwamba doa lenye wino ni doa ambalo daktari ameshalitilia shaka. Ilisoma hofu ya daktari kuliko ilivyosoma ngozi.

Utafiti ambao kila anayefikiria kuleta programu hizi Afrika Mashariki angepaswa kuusoma ulitoka mwaka 2022, tena Stanford. Watafiti walikusanya picha 656 za ngozi za rangi mbalimbali, kila moja ikiwa na jibu lililothibitishwa kwa kinyama, wakazipitisha kwenye programu zilizokuwa zikisifiwa. Uwezo ulishuka, hasa kwenye ngozi nyeusi na kwenye magonjwa adimu. Madaktari waliotazama picha zilezile nao walishuka kwa namna hiyohiyo, jambo linaloonyesha makosa ya mashine yalirithiwa kutoka kwa nani. Habari njema ni kwamba programu zilipofundishwa upya kwa picha hizo zenye rangi mchanganyiko, tofauti kati ya ngozi nyeusi na nyeupe ilipungua sana. Tatizo basi linatibika, na dawa yake ni picha za wagonjwa wetu zenye majibu yaliyothibitishwa. Picha isiyo na jibu la maabara huifundisha mashine kukisia kama tunavyokisia sisi.

Kuna hesabu moja ambayo wauzaji wa programu hawaipigi mbele ya mteja, nami naomba msomaji aifuate, kwa sababu ndiyo inayotenganisha magonjwa ya kawaida na adimu. Tuseme watu 10,000 wenye mabaka wamepigwa picha, na kati yao kumi tu wana ukoma. Tuseme pia programu ni nzuri sana: inawanasa tisa kati ya kumi, na kati ya wasio na ukoma inakosea kwa watano tu katika kila mia. Watano katika mia kwa watu 9,990 ni takriban 500. Kwa hiyo programu itaita watu 509, na wenye ukoma kweli ni tisa. Yeyote atakayemwambia kila aliyeitwa "una ukoma" atakuwa amewatisha watu 500 bure, katika jamii ambako neno hilo bado linavunja ndoa na kumfanya mtu atengewe kikombe.

Lakini igeuze hesabu hiyo upande wa pili. Kutoka watu 10,000 umebaki na 509 wa kupimwa kwa pamba, na kipimo cha pamba ni cha dakika chache na hakigharimu kitu. Mhudumu mmoja mwenye bidii anaweza kuwamaliza ndani ya siku chache. Programu hiyohiyo, ikifuatwa na mkono, imekuwa msaada mkubwa. Kwa melanoma mambo ni tofauti, kwa sababu kinachofuata baada ya kengele ya mashine ni kisu, ganzi ya sindano, chupa ya fomalini, nauli ya sampuli, na kusubiri mtaalamu wa patholojia. Kengele 500 za uongo pale zinaweza kuziba huduma nzima ya mkoa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama programu fulani ni nzuri, mimi humwuliza kwanza: ikisema ndiyo, hatua inayofuata ni ipi, na nani ataifanya?

Matumizi ninayoyaunga mkono bila kusita ni ya ukumbusho. WHO wana programu ya simu ya bure kuhusu magonjwa ya ngozi yaliyosahaulika ya nchi za joto, inayofanya kazi hata pasipo na intaneti, na wahudumu wa mstari wa mbele Ghana na Kenya walishirikishwa kuijaribu. Mhudumu anaingiza dalili, programu inamletea orodha ya magonjwa ya kuwaza na picha zake. Hakuna hukumu inayotolewa. Kinachotokea ni kwamba katikati ya orodha ya fangasi na ukurutu, ukoma umetajwa, na aliyeusahau anaukumbuka. Kuna utafiti unaoitwa PEP4LEP uliofanyika Tanzania, Msumbiji na Ethiopia uliojumuisha programu ya aina hii katika kuwatafuta wenye ukoma na kuwapa watu wa karibu yao dozi moja ya rifampisini ya kuwakinga. Napenda mpangilio huo: simu inakumbusha, mtu anapima, dawa inakwenda mpaka kwa jirani.

Tiba mtandao nayo ni ya kukumbatiwa, kwa sharti kwamba kuna mtu anayejua kutazama katika ncha zote mbili. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilifunguliwa mwaka 1992 kwa wazo ambalo bado naliona la busara kuliko mengi yaliyokuja baadaye: madaktari bingwa wa ngozi hawatatosha kufika kila wilaya, basi wafundishwe matabibu na wahudumu wengine kutoka nchi mbalimbali za Afrika, warudi makwao wakiwa na macho na mikono inayojua. Tabibu aliyepita mafunzo ya aina hiyo akituma picha kwa bingwa, picha inakuja na maelezo yanayofaa. Asiyefunzwa hutuma picha moja yenye ukungu, imepigwa usiku kwa mwanga wa tochi, na maneno mawili: "Dokta, nini?"

Ujumbe ninaotamani kuupokea unakuwa hivi: "Mwanaume, miaka 34, mkulima. Mabaka matatu meupe mgongoni na mkono wa kulia, miezi minane, hayawashi. Amepaka krimu ya fangasi wiki sita na krimu ya mchanganyiko kutoka dukani, hakuna nafuu. Kipimo cha pamba: hahisi kwenye mabaka mawili. Mshipa wa kiwiko cha kulia umenenepa. Vidole vina nguvu. Nyumbani wako sita, bado sijawaona." Ujumbe huo, hata bila picha, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Picha zikija ziwe tatu: ya mbali inayoonyesha mabaka yako wapi mwilini, ya katikati, na ya karibu yenye rula pembeni. Mgonjwa asimame karibu na dirisha, taa ya simu izimwe kwa sababu inafifisha rangi kwenye ngozi nyeusi, mafuta yafutwe kwanza kwa kitambaa ili ngozi isimetemete. Na zile programu za kamera zinazolainisha uso zizimwe kabisa. Nimeshapokea picha ya ugonjwa uliolainishwa mpaka ukapotea.

Yako magonjwa ambayo mkono na jicho kwa pamoja havitoshi, na lazima sampuli isafiri. Mwaka 2024 mpox ilipotoka Kivu Kusini, Kongo, na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, vipele vyake vilifanana na tetekuwanga kiasi cha kumchanganya mtu mzoefu. Picha ilisaidia kuamua nani atengwe wakati anasubiri, lakini uthibitisho ulitoka kwenye kipimo cha vinasaba vya majimaji ya kipele. Kilichonifurahisha ni kwamba Oktoba mwaka huo WHO iliidhinisha kwa matumizi ya dharura kipimo cha mpox kinachoingia kwenye mashine za GeneXpert, ambazo hospitali nyingi zilikuwa nazo tayari kwa ajili ya kifua kikuu. Mashine iliyokuwepo ikapewa swali jipya, na majibu yakasogea karibu na mgonjwa. Natamani kuona jambo hilohilo likifanyika kwa kinyama: vioo vya patholojia vipigwe picha kwa skana katika hospitali ya mkoa na kusomwa na mtaalamu aliye mbali siku hiyohiyo, badala ya chupa kusafiri na basi na jibu kurudi wakati mgonjwa ameshakata tamaa na kurudi kijijini.

Limebaki suala la picha zenyewe, na hili linanikera kuliko hitilafu za mashine. Magonjwa ya ngozi hushika uso, matiti, sehemu za siri, watoto. Picha hizo zinapigwa kwa simu ya mhudumu mwenyewe, zinakaa katikati ya picha za harusi na za watoto wake, zinarushwa kwenye kundi la madaktari lenye watu mia mbili, na kutoka huko hakuna ajuaye zinaishia wapi. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na taarifa za afya ni miongoni mwa zinazolindwa kwa uzito zaidi. Sheria hizo zinamhusu hata tabibu mwenye nia njema. Uso usipohitajika usionekane. Jina lisiandikwe kwenye ujumbe. Picha ikishatumika ifutwe kwenye simu, pamoja na nakala inayojihifadhi yenyewe mtandaoni. Kabla ya yote hayo mgonjwa aulizwe, kwa lugha anayoielewa, akiwa amevaa nguo zake: "Mama, nataka kupiga picha ya hili baka nimwonyeshe daktari mwenzangu aliye hospitali ya mkoa. Ukikataa, matibabu yako yanaendelea vilevile."

Picha ikitakiwa kwa ajili ya kufundishia mashine, hiyo ni ruhusa nyingine, iombwe peke yake, na aelezwe ni kampuni au chuo gani kitaipata, itakaa huko muda gani, na kama anaweza kuiondoa ruhusa yake. Ngozi zetu sasa zina soko, kwa sababu watengenezaji wamegundua upungufu niliouelezea hapo juu na wanazitafuta. Hospitali zinazofuatwa na maombi ya namna hiyo zina nguvu ya kuweka masharti: programu itakayotokana na picha hizo ijaribiwe hapahapa kwanza, matokeo yake kwenye ngozi nyeusi na kwenye magonjwa adimu yatangazwe yakitenganishwa, na itumike bila malipo katika zahanati zilizotoa picha. Mikataba ya kutoa picha isisainiwe na mkurugenzi peke yake bila daktari wa ngozi na mwakilishi wa wagonjwa kuwa wameisoma.